Mstari wa Kiswahili kwenye Jiwe la Bukavu

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, Bwana Katibu wa halmashauri ya sherehe aliweka karatasi moja juu ya meza yangu, akaniambia anataka Kiswahili chake kabla ya saa sita. Saa hiyo naijua kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na desturi ya kuandika kwenye pembe ya juu ya kila karatasi saa iliyonifikia na saa iliyonitoka. Hiyo ilinitoka saa tatu kasoro dakika tano. Dakika thelathini na tano kwa jumla, na nilijivunia wepesi huo siku nzima.

Nilikuwa karani katika ofisi ya mji, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja. Kwa Mapadri nilisoma miaka mitano tu. Kifaransa kilichozidi hapo nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi kuukuu niliyoinunua kwa mpishi wa Mzungu mmoja aliyekuwa anarejea Ulaya. Kila siku baada ya kazi nilijifunza maneno kumi, sikuongeza wala kupunguza, na kila neno nililiandikia sentensi moja katika daftari. Neno nililodhani nalijua nililiruka, ili nisipoteze nafasi. Desturi hiyo ya kuruka ndiyo iliyonikosesha, kama nitakavyoeleza.

Mji wetu ulikuwa unakaribia kutimiza umri ambao Wazungu huona unastahili sherehe kubwa. Sitaandika idadi ya miaka, maana halmashauri yenyewe haikukubaliana vizuri juu yake. Wengine walihesabu tangu kambi ya kwanza ilipojengwa kando ya ziwa, wengine tangu siku mji ulipopewa jina la ofisa mmoja wa Kibelgiji. Jina hilo lilikuwa limekwisha kuondolewa miaka michache kabla, mji ukarudishiwa jina lake la Bukavu. Mihuri miwili ya ofisi ilikuwa bado na jina la zamani, na mara kwa mara nililazimika kumkumbusha mwenzangu wa meza ya pili achukue ule mpya.

Mipango yote ilipita mikononi mwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeipiga mashine. Mawe ya kando ya barabara yangepakwa chokaa kutoka bandarini hadi njia panda ya Kadutu. Mitumbwi ingeshindana kutoka ncha ya rasi moja hadi nyingine. Watoto wa shule wangeimba nyimbo nne, mbili za Kifaransa, moja ya Kiswahili na moja ya Mashi, lugha yetu ya nyumbani. Mafundi wangeandamana kila kundi na vyombo vyake: waashi na pima-maji zao, maseremala na randa, madereva na magari yaliyooshwa, wachapaji wakiwa wamevaa aproni safi. Jioni taa zingewashwa kwenye rasi zote tano, ili mtu aliyesimama juu ya mlima aone mji mara mbili, nchi kavu na majini.

Nataka niseme wazi kwamba nilijivuna. Leo kuna watu wanaosema sherehe zile zilikuwa za Wazungu peke yao, na ni kweli kwamba viti vingi vya mbele vilikuwa vyao. Lakini nilipokuwa napiga orodha ya mafundi waashi, majina mia na zaidi, nilijua kila ukuta uliojengwa na nani. Nilikuwa nimekulia katika mji huo. Niliona barabara zikipasuliwa kwa baruti na miti ikipandwa upande wa kushoto na wa kulia kwa kamba iliyonyooka. Mgeni aliyeshuka kutoka Uvira, aliyepita joto la Sange na vumbi la tambarare, alipofika juu na kuona ziwa na mapaa mekundu alinyamaza kwanza. Nimewaona wakinyamaza. Basi na mimi nilinyamaza nao, kama mwenye nyumba anayengoja mgeni aseme kitu.

Mambo mawili katika mipango ile yalinigusa mimi zaidi ya mengine. La kwanza ni jiwe. Jiwe kubwa la rangi ya majivu lingesimamishwa kwenye mzunguko wa barabara karibu na ziwa, likiwa limechorwa maneno ya Kifaransa, na chini yake mstari mmoja wa Kiswahili. Mstari huo Bwana Katibu aliupigania mwenyewe. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, asiyependa maneno mengi, lakini aliwaambia wenzake katika kikao kwamba wengi watakaopita mbele ya jiwe hilo hawasomi Kifaransa. La pili ni wazee sita waliokuwa wameiona nchi hii kabla ya bendera yoyote. Hao wangeketi mstari wa mbele, kila mmoja katika kiti chenye mikono, amevaa koti jipya la zawadi, karibu na wakubwa wa serikali.

Baba yangu alikuwa mmoja wa sita hao. Wala si mimi niliyemtaja. Chifu wa upande wake ndiye aliyepeleka jina, na mimi nililiona kwenye orodha kama karani yeyote, nikalipiga mashine. Baba alikuwa amefanya kazi ya bustani kwa Wazungu miaka ishirini na saba. Alibeba viti vingi sana kutoka barazani hadi chini ya miti na kuvirudisha. Kukalia kimoja, mbele ya mji mzima, hakuwahi.

Sasa narudi kwenye ile karatasi ya Jumanne. Kifaransa kilisema kwamba waanzilishi walisimamisha bendera yao kwenye terre inculte, na leo mahali hapo pamesimama mji. Neno hilo, inculte, nilidhani nalijua. Nililisikia mara ya kwanza kwa mkubwa wangu wa zamani, katika bohari ya kahawa, alipokuwa anamweleza mgeni wake habari zetu sisi makarani. Watu wazuri, alisema, lakini inculte. Nilimwuliza mwenzangu maana yake, akaniambia ni mtu asiyeelimika, aliyeachwa kama alivyozaliwa. Neno hilo lilinikaa kooni miaka minane. Nilipolikuta limeandikwa juu ya ardhi, sikufungua kamusi. Nilijiambia kwamba ardhi iliyoachwa kama ilivyozaliwa ni pori, na pori lililo pori kabisa halina watu. Nikaandika kwa herufi kubwa: HAPA PALIKUWA PORI TUPU LISILO NA WATU. Niliusoma mara mbili kwa sauti ndogo, nikaona unakwenda vizuri mdomoni. Bwana Katibu alitia sahihi bila swali.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nilitoka Kadutu kwa miguu kwenda kwa baba huko Kasha, mwendo wa saa moja na nusu. Nilichukua nakala ya mipango na ya maneno ya jiwe. Nilimkuta ameketi nje anasugua kofia yake kwa brashi ya viatu aliyoazima kwa jirani. Ndani ya nyumba alikuwa amekwisha kupigilia msumari ukutani, wa kutundikia koti ambalo lilikuwa bado halijaja.

Nilimsomea mipango yote. Habari ya mitumbwi aliipenda, akauliza ni watu wa upande gani watakaopiga makasia, na nilipomwambia akasema hao watashindwa, maana wanapiga makasia kama wanaokoroga ugali. Habari ya chokaa ilimchekesha. Alisema mawe hayo ameyapaka chokaa mara nyingi kuliko alivyopaka nyumba yake. Kisha nikamsomea mstari wa jiwe, nikangoja anisifu.

Aliweka brashi chini.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena, polepole, nikidhani hakusikia.

"Pori tupu."

"Ndiyo, papa."

"Bila batu."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Nilimjibu kwamba hayo ni maneno ya sherehe tu, kwamba kwenye jiwe watu huandika mambo kwa kifupi. Hakunitazama. Alinyosha mkono kuelekea upande wa ziwa, ambalo kutoka pale halionekani, akaanza kunieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisikia vipande vipande tangu utoto wangu bila kulipanga. Alipokuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, alichunga ng'ombe wa mjomba wake kwenye mteremko ule ule ambako sasa kuna mzunguko wa barabara. Asubuhi aliwashusha wanywe ziwani, mchana aliwapandisha penye kivuli. Walikuwa kumi na mmoja. Alitaja jina la kila mmoja, rangi yake na tabia yake, yupi aliyepiga teke wakati wa kukamuliwa, yupi aliyekataa kutangulia. Nilitoa kalamu nikaandika nyuma ya karatasi ya mipango. Hakukosea wala kurudia jina. Kulikuwa na nyumba tatu pale, akasema, na ua wa miti, na mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akiuza tumbako.

"Ngombe kumi na moja," alimalizia. "Nani alikuwa anazikamula? Chui?"

Niliacha kuandika.

"Wewe mwenye kujua kusoma, niambie. Bukavu, maana yake nini?"

Kila Mushi, mtu wa kabila letu, anajua. Wazee husema ni bu nkafu, mahali pa ng'ombe, na Wazungu walipolisikia jina waliliandika walivyoweza. Nilimwambia hivyo.

"Basi munaandika jina ya ngombe juu, na chini munaandika hakukukuwa mutu. Ngombe ilikuja yenyewe, ikajipatia jina." Akachukua kofia yake, akaitazama, akaingia ndani akaitundika kwenye ule msumari wa koti, akatoka tena. "Kiti ile mupatie mutu mwengine. Mupatie mwenye hakukuwa pale, ataikala vizuri. Mimi siwezi kuikala mbele ya jiwe yenye kusema sikuzaliwa."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya, maana hasira yake ilikuwa ikiisha kabla ya chakula. Tulikula maharagwe na ndizi, akaniuliza habari za watoto, akanisindikiza hadi njiani. Jambo la jiwe hakulirudia, na njiani nilielewa kwamba hatakuja.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza kwa nini nimekunja uso. Nilimweleza. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Neno yenyewe ya Kifaransa, uliitafuta mu kitabu?" aliuliza.

Nilisema nalijua tangu zamani.

"Baba ya batoto, wewe unajua Kifaransa kuliko benye Kifaransa. Kitabu iko pale juu ya kabati, inakula vumbi tu ya bure. Mupatie basi hata leo kazi."

Niliishusha kamusi nikaliona neno. Lilikuwa na maana mbili. Maana ya pili ilikuwa ile ya mkubwa wangu wa bohari, ya mtu asiyeelimika. Ya kwanza ilikuwa ya ardhi, na ilisema tu: isiyolimwa. Hapakuwa na neno juu ya utupu wala juu ya watu kutokuwepo. Niligeuza ukurasa nikitumaini kuna maelezo zaidi, hayakuwepo.

Nilifunga kamusi nikafikiri. Malisho hayalimwi. Mtu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba mteremko wa ng'ombe wa mjomba wa baba yangu ulikuwa ardhi isiyolimwa, na asiwe amemfuta mtu yeyote. Kifaransa cha halmashauri, hata kama hakikuwataja watu, hakikuwakana. Aliyewakana ni mimi. Utupu ule niliuongeza mwenyewe, kwa sababu ya donge la miaka minane, na kwa sababu neno nililodhani nalijua nililiruka. Nimefanya makosa mengine maishani, lakini hilo ndilo ninaloweza kuonyesha mahali lilipoanzia, na saa yake.

Jumatatu nilifika ofisini saa moja na nusu. Bwana Katibu alikuwa bandarini kwa mambo ya mitumbwi, asingerudi kabla ya saa tisa. Niliomba ruhusa ya saa moja, nikaenda kwa fundi wa jiwe. Alikuwa Mulega, mtu wa kabila la Balega, kutoka Mwenga, mfupi, mwenye mabega mapana, aliyekuwa na kiwanja chake kwenye barabara ya kuelekea Ruzizi. Alichonga misalaba ya makaburi na ngazi za nyumba. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya jiwe letu. Kifaransa chote kilikuwa kimekwisha, kizuri, kimenyooka. Mstari wa Kiswahili ulikuwa umeanza. HAPA PALIKUWA yalikuwa yamekwisha kuingia katika jiwe. PORI lilikuwa bado ni chaki.

Nilimwambia akomee hapo. Aliniuliza kama nimeleta karatasi. Nikamwambia karatasi itakuja. Alisema yeye hachongi maneno ya mdomo, anachonga maneno yenye sahihi, na kesho asubuhi saa mbili ataendelea na alichonacho, maana jiwe lazima lipelekwe Alhamisi. Hapo alikuwa na haki. Mimi mwenyewe ningesema hivyo hivyo.

Basi ilinilazimu kupata maneno yanayoanza na yale yaliyokwisha kuchongwa. Niliketi juu ya ngazi moja ya jiwe isiyo na mwenyewe, nikajaribu mistari mitano. Wa tano ulikuwa huu: HAPA PALIKUWA MALISHO YA NG'OMBE. Nilimwonyesha fundi ili aniambie kama utaenea. Alisoma kwa kufuata kidole, akaanza kucheka.

"Ninyi Bashi, hata ku jiwe munatafuta ngombe. Siku ingine mutaniomba nichonge na maziwa."

"Na ninyi Balega mungeomba tuandike ndizi."

"Ndizi iko na herufi tano tu. Ni bei nzuri."

Ndipo nilipojua kwamba alikuwa analipwa kwa herufi. Bei ilikuwa faranga kumi na tano kila herufi moja, katika Kifaransa na katika Kiswahili, nafasi kati ya maneno bure. Nilihesabu pale pale. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa na herufi thelathini na mbili, huu mpya ishirini na saba.

Fundi akaweka kidole juu ya alama iliyo katikati ya neno la mwisho.

"Na hii kidudu ya juu iko nini?"

Nilimweleza kwamba ndivyo neno linavyoandikwa sawasawa, kwamba bila alama hiyo mtu wa pwani angelisoma vibaya.

"Hapa hakuna mutu ya pwani. Sisi wote tunaandika ngombe tu, na ngombe inasikia."

Nilisema jiwe hilo litakaa miaka mingi na watalisoma watu wa kila upande, kwa hiyo alama ibaki. Alisema basi ataihesabu kama herufi, kwa kuwa patasi haijui alama wala herufi, jasho ni moja. Nilisema ni ndogo mno kuwa herufi. Tulishindana hivyo mpaka msaidizi wake akaacha kazi kutusikiliza. Mwishowe tulikubaliana nusu, faranga saba na nusu. Nilimwomba aandike kwenye kipande cha karatasi na atie alama yake. Aliandika.

Saa tisa na robo Bwana Katibu aliniita. Nilikuwa nimepanga karatasi tatu: ya mstari wa kwanza wenye sahihi yake, ya mstari mpya, na ya hesabu. Karani anayerudisha karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi huonekana hajui kazi yake, na mimi siku hiyo nilikuwa nathibitisha hivyo mwenyewe. Nilisimama mbele ya meza yake. Alisoma mstari mpya, kisha akauchukua ule wa zamani.

"Pori ni wewe uliyeliandika," alisema.

"Ndiyo, Bwana. Nilikosea."

"Nani amekuambia kwamba ulikosea?"

"Kamusi, Bwana. Na baba yangu."

"Nani kwanza?"

Ningeweza kusema kamusi. Ingekuwa heshima zaidi kwa karani.

"Baba yangu," nilisema. "Yeye alichunga ng'ombe mahali pale, Bwana, kabla ya kambi. Ni mmoja wa wale wazee sita. Amesema hatakaa mbele ya mstari ule."

Alisimama akachukua kamusi yake kutoka rafuni, kubwa kuliko yangu, akafungua, akasoma kidole kikiwa juu ya neno. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa maelezo yale. Kisha akarudisha kamusi mahali pake na kuuliza jambo moja tu, kama mstari mpya utaongeza gharama. Nikampa karatasi ya tatu. Alichukua penseli, akazidisha mwenyewe upande wa pembeni, akapata nilichokipata. Alipofika kwenye alama ya neno la mwisho alisita.

"Nusu herufi?"

"Ndivyo alivyokubali fundi, Bwana. Alitaka herufi nzima."

Alicheka. Katika miaka minne niliyofanya kazi chini yake, hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akicheka ofisini. Akatia sahihi, akaandika tarehe, na bila kuambiwa akaandika na saa. Fundi alipata karatasi yake kabla ya saa kumi na moja. Aliisoma yote, pamoja na sahihi, ndipo akafuta chaki kwa mkono.

Jumatano baada ya kazi nilipanda Kasha. Baba alikuwa anafunga mlango wa kuku. Sikumweleza habari za kamusi wala za Bwana Katibu. Nilimsomea mstari tu, kama ulivyo.

Alinifanya nisome mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anausema pamoja nami.

"Malisho," alisema. "Ndiyo. Pori haina mwenyewe. Ngombe iko na mwenyewe." Alimaliza kufunga mlango, akapima kamba kwa kuivuta. "Sasa hiyo koti itafika siku gani?"

Siku ya sherehe ilikuwa ya jua na upepo kidogo kutoka ziwani. Mawe yalikuwa meupe, bendera zilikuwa nyingi kuliko miti, na waashi walipita wakiimba, wakapigiwa makofi zaidi ya madereva. Mitumbwi ya wale watu wa makasia ya ugali ilishinda. Baba alikuwa kiti cha pili kutoka kushoto. Koti lilimzidi mabega kidogo, na aliketi mgongo wima, mikono juu ya mikono ya kiti, kama mtu ambaye amekalia viti hivyo maisha yake yote. Mimi nilisimama nyuma ya kamba pamoja na makarani wengine, hatua kama kumi na mbili kutoka kwake.

Kitambaa kilipoondolewa kwenye jiwe, mkubwa mmoja alisoma Kifaransa kwa sauti. Kiswahili hakikusomwa, nadhani kwa kusahau. Mzee wa kiti cha tatu akamwinamia baba akamwuliza huko chini wameandika nini. Baba hakujua kusoma hata herufi moja. Alinyosha kidole akausoma mstari mzima, neno kwa neno, kidole kikienda kutoka kushoto hadi kulia kwa mwendo unaotakiwa, kwa sauti ambayo hata sisi wa nyuma tuliisikia. Wakubwa wawili waligeuka kumtazama.

"Ni ngombe ya mujomba wangu," alimweleza yule mzee. "Ilikuwa kumi na moja. Hawakuandika hesabu, lakini wameandika."

Karani wa meza ya pili alinigusa kiwiko akaniuliza kama yule ni baba yangu. Nilisema ndiye.

Wiki iliyofuata nilipewa kupiga mashine hesabu ya mwisho ya sherehe, kurasa tisa: chokaa, vitambaa, soda za watoto, makoti sita, mafuta ya taa za rasi. Karibu kila mahali matumizi yalizidi makadirio. Kwenye ukurasa wa saba nilifika kwenye jiwe. Mstari wa Kiswahili ulikadiriwa faranga mia nne na themanini, ukagharimu faranga mia nne na kumi na mbili na santimu hamsini. Nikapiga katika safu ya mwisho, ile ya akiba, ambayo katika ukurasa huo haikuwa na kitu kingine: faranga sitini na saba na santimu hamsini.